Kabla ya spika, pima chumba: studio za Minnesota na studio za Tarime

Vijana wa nyumbani wamebadilisha maagizo. Zamani ukisema unarudi Tarime likizo, uliombwa viatu na simu. Siku hizi naombwa spika za studio. Wanataja kampuni, wanataja namba ya toleo, na wengine wanatuma picha kabisa: monita za inchi 8 juu ya meza pana, taa za zambarau ukutani, kompyuta mbili zinawaka. "Kaka, ukija na hizi, nyimbo zetu zitapiga kama za Dar," aliniandikia kijana wa ukoo wetu mwenye studio ya chumba kimoja upande wa Sirari.

Wote nawajibu kwa maswali. Chumba ni futi ngapi kwa ngapi? Ukuta ni wa tofali gani? Juu kuna dari au ni bati tupu? Umeme ni wa TANESCO au wa sola? Wengine huona nawazungusha. Siwazungushi. Spika ndogo nimezitumia huku Minnesota ninakoishi kwa miaka, nimezisikiliza pia zikifanya kazi Tarime na Mugumu, na nina hakika na jambo hili: studio nyingi za kwetu zinahitaji spika ndogo kuliko zile zinazoombwa, na fedha itakayobaki ina kazi kubwa zaidi kwenye chumba, umeme na hedfoni.

Huku Minnesota kununua spika kuna utaratibu ambao mteja ameshauzoea hata hauoni. Unaingia duka la vyombo vya muziki, unakuta monita zimepangwa ukutani, zote zimeunganishwa na swichi moja. Unabonyeza unasikia hii, unabonyeza unasikia ile, wimbo ni uleule. Ukinunua, unapewa mwezi au zaidi wa kuirudisha, mradi boksi na risiti vipo. Basi watu huchukua, wakaifunga chumbani, wakaisikiliza wiki mbili, isipowafaa wakairudisha na kuchukua nyingine. Chumba cha mteja ndicho kinachotoa hukumu, na gharama ya kubahatisha hubebwa na duka.

Kijana wa Mugumu hana bahati hiyo. Atapanda basi hadi Mwanza, au ataagiza Kariakoo kwa simu aletewe kama kifurushi cha basi, au atavuka mpaka wa Sirari kuingia Kenya atafute Migori, Kisumu, hata Luthuli Avenue ya Nairobi, kisha alipie ushuru forodhani. Popote atakapokwenda, nyuma ya risiti pameandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Uamuzi wote lazima aufanye kabla ya kutoa hela, na mara nyingi anaufanya akiwa amesimama dukani kwenye kelele za mtaa, muuzaji amefungulia sauti hadi mwisho.

Kuhusu hiyo sauti ya mwisho nina la kusema. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa Maabara za Bell huko Marekani, walichapisha vipimo vyao vya usikivu wa binadamu. Walionyesha kwamba sikio halisikii besi na sauti za juu sawasawa na sauti za kati, na kwamba tofauti hiyo hupungua kadiri sauti inavyokuwa kubwa. Maana yake dukani ni moja: spika iliyofunguliwa zaidi itaonekana ina besi nene na inang'aa, hata kama ndiyo mbovu kuliko zote. Ukilinganisha spika mbili, zote ziwe na sauti ya kiwango kimoja, tena kiwango cha watu wawili kuweza kuongea bila kupaza. Nenda na flashi yako yenye wimbo unaoujua vizuri, na kando yake uweke rekodi ya mtu unayemfahamu akizungumza tu, bila muziki. Sauti ya mama yako unaijua. Spika ikiibadilisha, utagundua mara moja.

Na wati zilizoandikwa kwenye boksi zisikutie tamaa. Boksi la sabufa linaweza kusema wati 10,000 za PMPO. Kipimo hicho hakina kanuni inayokibana. Kila kiwanda huandika kinavyotaka. Geuza chombo, soma kibandiko cha nyuma kinachoeleza kinavuta umeme kiasi gani. Kikisema wati 60, basi chombo hicho hakiwezi kutoa sauti endelevu inayozidi wati 60, haidhuru boksi limeandikwaje. Kipimo cha kutafuta ni cha RMS, yaani nguvu endelevu. Kwa mtu anayekaa mita moja kutoka kwenye spika, wati 20 au 30 za kweli kwa kila upande zinatosha na kubaki.

Sasa tuje kwenye chumba, maana hapa ndipo Minnesota na Tarime zinapoachana.

Nyumba ya kawaida ya huku imejengwa kwa fremu za mbao zilizofunikwa bodi za jipsamu, na katikati ya bodi hizo mna pamba ya kuzuia baridi. Ukuta wa namna hiyo hutikisika. Besi ikiupiga, sehemu inanyonywa, sehemu inapenya na kwenda kwa jirani. Mwenye chumba anapata besi nyepesi na jirani mwenye hasira. Ndiyo maana vitabu vingi na video nyingi zinazofundisha studio ya nyumbani hutumia nguvu kubwa kueleza jinsi ya kuzuia sauti isitoke. Spika ndogo zimependwa sana mijini huku kwa sababu hiyo pia: kodi ya chumba ni kubwa, ukuta ni mwembamba, na mkataba wa nyumba unataja saa za kimya.

Chumba cha Tarime ni tofali la kuchoma au la simenti, plasta pande zote, sakafu ya simenti, dirisha dogo la vioo na nondo. Ukuta huo hautikisiki. Besi inaupiga na kurudi nzima, inakutana na nyingine inayokuja, na hapo ndipo mambo huharibika. Vyumba vyetu vingi ni futi kumi kwa kumi, na kimo nacho hukaribia futi hizohizo. Fanya hesabu. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Futi kumi ni kama mita 3. Gawanya 343 kwa mara mbili ya urefu huo, yaani 6, unapata 57. Basi kila mlio wa Hz 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde, ukitokea chumbani, chumba kinauvimbisha, na vivyo hivyo Hz 114 na Hz 171. Chumba chenye urefu, upana na kimo tofauti kinaugawa ugonjwa huo: huku kidogo, kule kidogo. Chumba cha futi kumi pande zote tatu kinaurundika wote sehemu moja. Na kiki, ile ngoma ya besi, ya biti nyingi za Bongo Fleva inakaa hapohapo, kati ya Hz 50 na 60.

Tazama basi kinachompata prodyuza. Akiegemea ukuta wa nyuma anasikia besi imejaa, kwa hiyo anaipunguza. Akisogea katikati kabisa ya chumba, mlio uleule unamtoroka, kwa hiyo anauongeza. Wimbo ukitoka nje, kwenye gari la Probox unatoa besi kama ngurumo, kwenye simu hauna mwili. Anahitimisha kwamba spika zake ni ndogo, anatafuta za inchi 8. Spika za inchi 8 zinashuka chini zaidi, zinamwaga besi nyingi zaidi kwenye chumba kilekile, na ugonjwa unaongezeka.

Dawa yake haina bei kubwa. Kaa kidogo mbele ya katikati ya chumba. Katika chumba cha mita 3, kichwa chako kiwe kama mita 1.15 kutoka ukuta unaoutazama. Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande sawa, kila upande kama mita moja, na tundu la sauti za juu lielekee masikioni. Spika ndogo zikiwa karibu hivyo, unasikia kwanza kile kinachotoka ndani yake, kabla chumba hakijaingiza maneno yake. Zisiegemee meza moja kwa moja: tofali lililofungwa blanketi kuukuu linafanya kazi nzuri sana. Na zisikae kwenye kona, kwa sababu ukuta mmoja ukiwa karibu unaongeza besi, kuta mbili zinaongeza zaidi.

Trei za mayai sizipendi, na nasema hivi nikijua ziko kwenye kuta za studio nyingi kuanzia Tarime hadi Mugumu. Ni karatasi nyembamba. Zinapunguza kidogo sauti za juu, besi inazipita kana kwamba hazipo, na matokeo yake ni chumba kilichofifia juu huku chini kukinguruma vilevile. Tena zinashika moto haraka, na chumba cha studio kina nyaya nyingi na mlango mmoja. Kinachonyonya sauti ni unene na nyuzinyuzi zinazopitisha hewa. Huku tunanunua bodi za pamba ya mawe zenye unene wa sentimita 10. Kwetu kuna pamba halisi; wilaya ya Serengeti na majirani zake wa Bunda wanailima. Fremu ya mbao kutoka kwa fundi seremala, ndani yake pamba au sufi iliyoshindiliwa kiasi au magodoro ya zamani yaliyokatwa, juu yake kitambaa cha kitenge, nyuma yake nafasi ya kiganja kabla ya ukuta: hiyo ni kazi ya siku mbili. Weka mbili pembeni mwako, moja juu ya kichwa, na nene kuliko zote zisimame kwenye kona. Kabati lililojaa nguo nalo lisitolewe chumbani, linasaidia.

Paa ni habari nyingine. Tarime iko kwenye miinuko na mvua yake si ya kubembeleza. Bati tupu likianza kupigwa, hakuna maiki itakayookoa kazi. Dari la jipsamu lenye chochote laini juu yake hupunguza, ila halimalizi. Maprodyuza ninaowaheshimu kule wamejipangia: vokali zinaingizwa asubuhi, alasiri za masika na vuli zinabaki za kuhariri kwa hedfoni. Huku Minnesota tatizo ni feni ya mashine ya joto wakati wa baridi. Ninaizima, naimba haraka kabla chumba hakijapoa. Tofauti kubwa ni kwamba mimi nahangaika sauti yangu isitoke, wao wanahangaika za nje zisiingie: jogoo, mashine ya kusaga, bodaboda, spika za mkutano wa injili. Kwa mazingira hayo maiki ya dainamiki inayosogezwa karibu na mdomo, kama Shure SM58 iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, ina faida kuliko maiki ya kondensa ya bei kubwa inayotaka volti 48 na kusikia kila kitu hadi zizi la jirani.

Kuhusu ukubwa wa spika, historia yenyewe inatetea ndogo. Miaka ya 1970 BBC ilitengeneza LS3/5A kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya spika kubwa. Ina kimo cha sentimita 30 tu na upana wa 19, na wahandisi waliitumia kuamua sauti ya mtangazaji iko sawa au la. Yamaha walitoa NS-10 mwaka 1978 kama spika ya sebuleni. Boksi lake limefungwa, halina tundu la kupumulia, na koni yake nyeupe ina upana wa sentimita 18. Sebuleni haikupendwa. Studio zikaichukua kwa sababu ilitoa sauti za kati waziwazi mno, kasoro haikuwa na pa kujificha, na hadi uzalishaji uliposimama mwaka 2001 ilikuwa imesimama juu ya meza za studio kubwa duniani kote. Nyimbo nyingi tulizocheza utotoni kwenye redio ya mbao zilipitia kwenye hizo koni nyeupe.

Leo mwenye chumba cha futi kumi atazame inchi 3 hadi 5. PreSonus Eris E3.5 inaanza kwenye Hz 80. Yamaha HS5, ya inchi 5 na yenye koni nyeupe ya ukoo uleule wa NS-10, kiwanda kinasema inashuka hadi Hz 54. JBL 305P MkII inashuka hadi Hz 43. Namba hizo za chini kabisa ni mahali ambapo sauti imeshalegea sana, msizichukue kama ahadi. Genelec 8010 kutoka Iisalmi, Ufini, ina inchi 3 na bei inayouma, lakini nyuma yake kuna vibatani vya kupunguza besi spika inapokuwa karibu na ukuta. HS5 nayo ina swichi ya kazi hiyo, ya kupunguza desibeli 2 au 4. Kwa chumba cha tofali, swichi hiyo ndiyo kitu cha kwanza ninachouliza. Kama chumba ni cha futi kumi, ningechukua inchi 5 yenye swichi, basi. Inchi 3.5 kwa anayeanza. Inchi 8 ningemwachia mwenye ukumbi.

Na ile besi ambayo spika ndogo haionyeshi? Hedfoni. Hedfoni haijui chumba. Sony MDR-7506 imekuwapo tangu mwaka 1991, imevaliwa na watu wa redio na filamu kila mahali, na sehemu zake zinazochakaa hubadilishwa. Bei yake ni ndogo kuliko jozi ya monita nzuri. Angalia besi kwenye hedfoni, angalia sauti za kati na upana kwenye spika ndogo, kisha peleka wimbo mtaani.

Kabla sijafika mtaani, umeme. Wenzangu wa Marekani tunabeba zawadi ya volti 120 kuipeleka nchi ya volti 230. Soma nyuma ya spika: ikiandikwa 100–240V, badilisha waya tu, ikiandikwa 120V peke yake, bila transfoma itaungua dakika ileile. Kuna aina za monita zinazouzwa kwa toleo la kila bara, jina ni lilelile na ndani ni tofauti. Kama hujui, nunua Tanzania au Kenya, ambako plagi ya pini tatu na volti ni zilezile. Adapta za pini mbili ziepukwe, maana zinakata waya wa ethi, na bila ethi spika inaweza kutoa mngurumo wa Hz 50 usiokwisha. Nyumba nyingi za kwetu ethi yake ni ya kukisia. Fundi akichimbia fimbo yake vizuri, ardhi ikiwa na unyevu, mngurumo unaweza kupungua sana. Tumia nyaya za balansi kutoka saundi kadi hadi kwenye spika. Wakati wa kurekodi chomoa chaja ya kompyuta, tumia betri. Inveta ya sola ya bei rahisi, ile isiyotoa wimbi laini, huingiza mlio wa kukwaruza ambao hakuna programu itakayouondoa bila kuharibu sauti. Stabilaiza ni lazima, na radi za ukanda wa Ziwa Victoria zinajulikana: mawingu yakijikusanya, chomoa kila kitu.

Mtaani ndiko nyumbani wanakotuzidi, na ninalisema hili kwa fahari. Huku mtu akimaliza kumiksi anausikiliza wimbo ndani ya gari lake, peke yake, kwenye maegesho. Prodyuza wa Tarime anautia kwenye flashi na kuupeleka kijiweni. Unapigwa kwenye redio ya bodaboda, kwenye sabufa ya kinyozi, kwenye simu ya muuza mitumba, na kwenye kibanda wanakowekewa watu nyimbo kwenye memori kadi. Wasikilizaji wako pale wanakunja uso au wanatikisa kichwa. Simu ndogo karibu haitoi chochote chini ya Hz 300, kwa hiyo ukisikia maneno na mdundo bado vinaeleweka kwenye simu, umefaulu kwa watu wengi kuliko wenye monita zote za mkoa wa Mara. Victoria FM ya Musoma na Mazingira FM ya Bunda zinasikika kwenye redio ndogo za jikoni na dukani. Mwenye redio hiyo ndiye msikilizaji. Na muziki unaoanzia mtaani unaweza kufika mbali: mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa singeli uitwao Sounds of Sisso kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, Dar es Salaam, na muziki huo wa mtaani ukaenda kuchezwa kwenye matamasha ya Ulaya. Wageni waliufuata kwa sauti yake yenyewe.

Jambo linalonigusa zaidi ni litungu. Chombo hiki cha Wakurya, nyuzi nane juu ya bakuli la mti lililowambwa ngozi, ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wagusii, kina sauti nzito yenye mkwaruzo ndani yake. Mkwaruzo huo ni sehemu ya muziki, mpigaji anautaka. Sasa mtoto wa studio akiupitisha wimbo kwenye programu ya kusafisha kelele, programu inaona mkwaruzo kama uchafu na kuufuta, na linalobaki ni gitaa bovu. Akitumia mpangilio uliokuja na programu, unakata kila kitu chini ya Hz 100 na kuondoa kifua cha chombo. Nimesikia rekodi za namna hiyo kutoka kwa vijana wazuri, wenye vipaji, na zimeniuma. Mkwaruzo wa litungu na sauti nzito ya muimbaji vinakaa sehemu ya kati, na hapo ndipo spika ndogo nzuri inapoeleza ukweli kuliko spika kubwa iliyofunikwa na besi ya chumba.

Tena litungu halihitaji chumba. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake akirekodi wanamuziki hukohuko waliko. Kazi zake ndizo zilizojenga maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Hakuwa na ukuta wa sponji. Asubuhi tulivu, chini ya mti, mbali na barabara, upepo haujaamka, maiki moja usawa wa ngozi kwa umbali wa mkono na nyingine mdomoni mwa mzee: hapo hakuna Hz 57 inayovimba wala bati linalopiga kelele. Kompyuta iko kwenye betri, hakuna mngurumo. Mzee mmoja wa upande wa Nyamongo alirekodiwa na mdogo wangu kwa njia hiyo, na aliposikilizishwa kwenye hedfoni alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Mura, hilo ni langu kabisa." Sijasikia sifa ya studio iliyo bora kuliko hiyo.

Kwa hiyo ninawaomba wenzangu mlioko ng'ambo: kijana akikuomba monita za inchi 8, usikimbilie kulipia. Muulize vipimo. Mpelekee hedfoni nzuri, nyaya za balansi, maiki ya dainamiki na stendi yake. Vitu hivyo havina volti za kuungua, vinaingia kwenye begi moja, na vitamfanyia kazi chumba chochote atakachohamia. Hela ya tofauti mtumie alipe seremala na fundi umeme.

Nanyi wenye studio Tarime, Sirari, Nyamongo na Mugumu, duka la kurudisha mali hamna, lakini mna ninyi kwa ninyi. Kabla hujanunua, mwombe mwenzako monita zake kwa usiku mmoja, zifunge chumbani kwako, sikiliza wimbo unaoujua, kisha mrudishie asubuhi na siku nyingine umwazime zako. Pimeni vyumba wiki hii, urefu, upana na kimo, muandike namba hizo mahali mtakapoziona. Na wazee wanaopiga litungu warekodiwe mwaka huu, kwa vifaa mlivyo navyo sasa hivi, bila kusubiri spika kutoka Marekani.